JSC ikitupa ombi la kumwondoa jaji, Mahakama Kuu inaweza kuingilia?

Mwanagenzi:
Wakuu, Kifungu cha 168 cha Katiba ya Kenya kinamruhusu mtu yeyote kupeleka ombi kwa Tume ya Huduma za Mahakama (JSC) akitaka jaji aondolewe. Tume ikijibu kwa barua ya aya moja kwamba ombi halikuonyesha sababu ya kumwondoa, mlalamishi ana njia gani? Na anamshtaki nani, jaji au tume?

Mzee wa Rejista:
Tume. Jaji huunganishwa kama mhusika mwenye maslahi tu, maana amri ya kufufua ombi itamgusa na lazima asikizwe.

Kabla ya kesi, iandikie tume ukidai sababu kwa maandishi, ukitaja Kifungu cha 47 cha Katiba (haki ya kutendewa haki katika hatua za kiutawala) na sehemu ya 6 ya sheria ya 2015 kuhusu hatua za kiutawala. Sheria hiyo inampa aliyetoa uamuzi miezi mitatu kujibu. Asipojibu, huchukuliwa kwamba uamuzi haukuwa na sababu nzuri, hadi athibitishe vinginevyo. Barua hiyo moja itakufaa kuliko kurasa arobaini za kumlaumu jaji.

Hati Mkononi:
Ila usikae ukisubiri jibu huku siku zinayoyoma. Njia ya kwanza ya kwenda Mahakama Kuu ni Agizo la 53 la Kanuni za Mashauri ya Madai, ambapo ombi la kubatilisha uamuzi lina miezi sita tangu siku ya uamuzi wenyewe. Unaanza kwa kuomba kibali cha mahakama cha kufungua shauri, ukiwa na taarifa ya sababu zako na hati ya kiapo. Ukipewa, una siku 21 kuwasilisha hoja yenyewe, na wengi huteleza hapo wakidhani kibali ndicho ushindi. Sababu ambayo haikuwa kwenye taarifa hutaruhusiwa kuizusha baadaye bila idhini ya mahakama. Nakala ya uamuzi unaoupinga pia iwe imeambatishwa kwenye kiapo.

Njia ya pili ni ombi la kikatiba chini ya Vifungu vya 22, 23 na 47. Hilo halihitaji kibali, ingawa kuchelewa bila maelezo kutakuponza. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilieleza tofauti: kwa Agizo la 53 jaji anayesikiliza kesi hukagua utaratibu tu, kwa njia ya Katiba anaweza kuuchunguza uamuzi kwa undani zaidi. Chagua mapema.

Mwanagenzi:
Na nikishinda, jaji anaondoka?

Mzee wa Rejista:
La. Mahakama Kuu haimwondoi jaji, wala haitaiamuru tume ipeleke ombi kwa Rais. Kwa kawaida hubatilisha uamuzi na kurudisha ombi likaangaliwe upya. Tume inaweza kulitupa tena, safari hii kwa sababu zilizoandikwa vizuri.

Maombi mengi hufa kwa sababu ni rufaa iliyovishwa joho la malalamiko. "Jaji alipuuza ushahidi wangu" ni hoja ya Mahakama ya Rufaa, na notisi ya rufaa ina siku 14 ambazo hazisimami eti kwa kuwa umeandikia JSC. Rushwa, upendeleo unaothibitika au kuvunja kanuni za maadili, hayo ndiyo ya Kifungu cha 168. Weka tarehe, nambari ya kesi na rekodi ya kikao.

Hati Mkononi:
Faili ikipotea au hukumu ikiahirishwa kila mara, anza na Ombudsman wa Mahakama, ofisi inayopokea malalamiko kuhusu huduma za mahakama. Na kama unayemlalamikia ni hakimu wa mahakama za chini, si jaji, 168 haikuhusu kabisa. Nidhamu yao iko chini ya Kifungu cha 172.