Naomba ushauri: utafiti wa kisukari mtaani kwetu Mtongwe

Assalam aleikum wanakikundi. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Mtongwe. Kuna watafiti wanataka tushirikiane kuhusu kisukari. Wale wa mwaka juzi waliwatoboa wazee vidole, wakajaza daftari, wakaenda zao. Hadi leo bibi mmoja akiniona huniuliza, "Mwanangu, damu yangu ilisemaje?" Sina jibu, na inaniuma.

Nimesoma kuhusu Wamohawk, moja ya jamii za wenyeji asilia wa Amerika Kaskazini, wa kijiji cha Kahnawake, Kanada: tangu 1994 wanapambana na kisukari bega kwa bega na watafiti, kwa mkataba wa maadili unaoipa jamii sauti kabla ya matokeo kuchapishwa. Nimewaeleza hawa wageni. Wanasema fomu ya ridhaa, ile ya kila mtu kukubali kushiriki, yatosha.

Je, kwa upande wetu nani atie saini mkataba kama huo, wazee wa mtaa au kamati ya zahanati? Na tuudai kabla hawajaomba kibali cha utafiti?