Naombeni ushauri, rumeti wangu Muislamu mimi Mkristo, nahisi nimemkwaza

Wakuu habari zenu. Niko mwaka wa pili chuo, rumeti wangu Muislamu mimi Mkristo na tumeiva kweli, Ramadhani alamu ya daku ikilia yeye hasikii, mimi ndo namwamsha afu narudi kulala. Sasa ijumaa iliyopita nikapanga diskasheni ya grupu saa saba mchana bila kufikiria, kumbe ndo muda wa swala ya ijumaa. Hakusema kitu, alifunga tu daftari taratibu akaondoka, tangu siku hiyo ni salamu basi. Afu wenzangu wa feloshipu wananisukuma nimwalike ibadani eti "aone mwanga", mi sitaki, naona kama namtega mtu aliyeniamini. Ila kuna siku aliniuliza Utatu maana yake nini, nikajiumauma nikabadili mada, labda alidhani namdharau.

Mliowahi kuishi na mtu wa dini nyingine, naanzaje kuomba msamaha bila kuifanya kesi kubwa? Na maswali ya imani mnayajibu vipi yasigeuke mabishano? Ushauri wa kuhama chumba bakini nao tafadhali.