Treni ya usiku na mtoto anayetembea: chumba kizima, kitanda kimoja au behewa la wazi?

Nyota ya Alfajiri

Habari zenu wakuu. Nina safari ya treni ya saa 22. Tunaondoka saa 10 jioni, tunafika kesho yake saa 8 mchana. Tuko wawili tu, mimi na binti yangu wa miezi 20, ambaye alijua kukimbia kabla ya kujua kusimama. Baba yake anatupokea mwisho wa reli. Kesho nakata tiketi na nimebakiwa na haya:

A. Chumba cha vitanda viwili, nakichukua chote. Bei yake inapita mara mbili ya B.
B. Kitanda kimoja cha chini kwenye chumba cha vitanda vinne, wanawake peke yao. Nalala naye.
C. Vitanda viwili, cha chini na cha kati, kwenye behewa la wazi la vitanda sita sita.
D. Kuikata safari vipande viwili, kusafiri mchana tu kwenye viti na kulala nyumba ya wageni katikati.

Mama mkwe anasema C inatosha kabisa, mtoto hali nafasi. Mliosafiri na watoto naomba ukweli, hata kama unauma.

Baba Pacha

A, wala usijiulize. Sisi tulijaribu B na pacha wetu walipokuwa na miaka miwili. Saa 8 usiku mmoja akaamka, akataka kuimba. Ningeelewa kama angelia, lakini huyu aliimba, tena kwa furaha. Abiria wa kitanda cha juu alivumilia beti mbili, ya tatu akakohoa kile kikohozi cha mtu asiye na kifua.

Godoro la A na la B ni lilelile. Unacholipia ni mlango. Ukiwa na mlango wako unawasha taa ukitaka kubadili nepi, mtoto anakaa sakafuni na vijiko vyake, na hutamki neno "nyamaza" mara mia nne.

Mzururaji

Mimi napinga. Behewa la wazi linasingiziwa. Nimelala kwenye yale ya Urusi ya vitanda 54 bila mlango hata mmoja, nimelala ya China ya sita sita. Humo watoto ndio wanaofaidi. Mtoto anatembea korido nzima, kila kitanda kina mtu wa kumchekea, anapokezanwa mpaka anachoka mwenyewe. Ukimfungia saa 22 kwenye chumba cha watu wawili ataona ukuta na uso wako.

Nyota ya Alfajiri

@Mzururaji ulikuwa na mtoto wako?

Mzururaji

Hapana, alikuwa wa jirani wa kitanda. Nilimbeba saa nzima lakini.

Baba Pacha

Kumbe. Saa nzima kati ya saa 22. Tumekusikia mkuu.

Konda Mstaafu

Binti yangu, mimi nimezeekea kwenye mabehewa, ngoja niseme mawili matatu.

Kwanza usinunue jina la daraja. Uliza vitanda vingapi kwa chumba na kama kuna mlango unaofungwa kwa ndani. TAZARA daraja la kwanza ni vitanda vinne, la pili ni sita, na wanaume na wanawake hutengwa isipokuwa mmechukua chumba kizima. Wachina wana "laini", vinne na mlango, na "ngumu", sita bila mlango. Marekani kule Amtrak chumba chao kidogo ni viti viwili vinavyotazamana: usiku vinaungana kuwa kitanda, na kingine kinashushwa kutoka juu. Kwenye mabehewa yao ya ghorofa kuna chumba cha familia chini, kinachukua upana wote wa behewa, kina vitanda viwili vya wakubwa na viwili vifupi vya watoto, lakini choo kiko nje. Kwa hiyo mtu akikwambia "daraja la kwanza ni zuri", hajakwambia kitu.

Pili, na hili ndilo wengi hawalijui. Kwenye vyumba vya korido, vitanda vimelala kukatisha behewa, kushoto ukuta, kulia ukuta. Dereva akikanyaga breki, kila kilichomo kinasukumwa kuelekea injini. Mtoto aliyelala kwenye kitanda ambacho ukuta wake uko upande wa injini atasukumwa ukutani, hana pa kwenda. Aliyelala kitanda cha pili atasukumwa kuelekea sakafuni. Nimeokota watoto wengi usiku, na karibu wote walikuwa wa kitanda cha pili. Jinsi ya kukijua ni rahisi: kaa uegemee ukuta. Ukiona unatazama kule mlikotoka, hicho ndicho kitanda cha mtoto.

Tatu, omba chumba cha katikati ya behewa. Vya mwisho viko juu ya magurudumu, vinarushwarushwa, na viko karibu na choo na mlango ambao hautulii usiku kucha.

Kitanda cha Juu

Mzee hili la breki sijawahi kulisikia na nimepanda treni maisha yangu yote. Sasa nimeelewa kwa nini begi langu huanguka njia ya kwenda, njia ya kurudi halianguki.

Konda Mstaafu

@Kitanda cha Juu usilishike kama sheria. Kuna stesheni injini inahamishiwa nyuma na treni inatoka kwa kurudi ilikotoka. Hapo kitanda kizuri kinakuwa kibaya. Muulize mhudumu kabla hujatandika kama njiani mtageuzwa, na saa ngapi.

Mama wa Wanne

Nyote mmeongea vizuri ila hakuna aliyeuliza swali la mwanamke anayesafiri peke yake: choo ataendaje?

Kwenye A uko wewe na mtoto. Saa 7 usiku umebanwa. Ukimwacha amelala ukatoka, mlango hautafungwa kwa nje, na akiamka ataufuata mwanga wa korido. Ukienda naye, unaingia kwenye kachumba ka choo kanakoyumba, mkono mmoja umeshika chuma, mwingine umemshika mtoto ambaye anataka kugusa kila kitu. Kwenye B kuna wanawake watatu. Sisemi umkabidhi mgeni mtoto. Nasema mtu mzima aliyelala mita moja kutoka kwake, ambaye mmeongea tangu jioni, si mgeni wa njiani. Mimi B imenibeba safari tano.

Baba Pacha

Mama wa Wanne hapo umenipata. Sisi tulikuwa wawili, sikulifikiria.

Kitanda cha Juu

Mbeleko. Dada yangu alimfunga mwanawe mgongoni akiwa bado amelala, akaenda chooni, akarudi, mtoto hajui kilichotokea. Mikono yote miwili huru. Kigari cha mtoto ndiyo usithubutu, korido ina upana wa mtu na nusu. Ukikutana na mwenye sanduku, mmoja wenu lazima arudi kinyumenyume mpaka mwisho wa behewa.

Muuguzi wa Zamu

Naongeza ya upande wangu.

Kitanda cha kati au cha juu si cha mtoto wa miezi 20, hata kiwe na wavu au mikanda. Kwa hiyo C ya vitanda viwili kwa kweli ni kitanda kimoja na rafu ya mizigo. Mtalala wote wawili chini, na vitanda hivi vina upana wa sentimita 70 hivi. Yeye ukutani, wewe ukingoni. Kagua kabla ya kulala ule ufa kati ya godoro na ukuta. Ukiona mkono wako unaingia, kunja blanketi ulisokomeze humo, liwe limebana, lisielee usoni pake. Angekuwa mchanga chini ya mwaka mmoja ningekwambia habari nyingine kabisa, mchanga hafai kulala kwenye kitanda chembamba na mtu mzima aliyechoka.

Wengine watakushauri umpe dawa ya mafua au ya mzio alale. Usifanye. Kwa umri huo dawa hizo si za kuchezea, na wapo watoto ambao badala ya kulala wanachangamka kama wameamshwa na ngoma. Utakuwa umejinunulia usiku wa kukesha.

Na mlango wa kuteleza! Vidole. Treni ikiyumba unajifunga wenyewe. Tundika taulo kwenye ukingo wa mlango usifike mwisho wakati mko macho. Kama behewa lina birika kubwa la maji ya moto mwisho wa korido, kama yalivyo ya Urusi na China, matembezi ya mtoto yaishie kabla ya hapo. @Mzururaji nadhani kwenye hadithi yako ya korido nzima hilo birika umelisahau.

Mzururaji

Lilikuwepo. Nakubali.

Tiketi Mkononi

Angalia na sheria ya nauli, maana ndiyo inayoamua kama B inaruhusiwa. Kila shirika lina umri wake. India mtoto chini ya miaka 5 halipi nauli lakini hapewi kitanda, analala na mzazi. Amtrak mtoto mmoja chini ya miaka 2 anasafiri bure kwa mtu mzima mmoja, akifikisha 2 anaanza kulipa. Binti yako ana miezi 20, kwa hiyo tazama tarehe ya kurudi pia, usije ukaondoka na mtoto wa bure ukarudi na mwenye nauli. India hiyohiyo mwaka 2022 walijaribu kitanda kidogo cha mtoto kilichobandikwa ubavuni mwa kitanda cha chini kwenye treni ya Lucknow Mail, kinakunjwa kisipotumika. Wazo zuri. Ningetamani kila treni iwe nacho.

Bi Mdogo

D mmeiruka. Nilifanya mara moja. Mchana mzuri, mtoto anatazama dirishani, mnashuka jioni, mnalala kitanda kisichotikisika. Tatizo ni kwamba unafungasha mara mbili, unashuka na mizigo na mtoto aliyelala begani stesheni usiyoijua, na asubuhi unaamka mapema kuwahi treni ya pili. Na mtoto kwenye kiti saa 11 bila pa kujinyoosha ni kazi kuliko usiku wowote. Treni ya usiku angalau nusu ya safari anaimaliza amelala.

Mama wa Wanne

Kuhusu mzigo, usiweke vitu vya usiku kwenye begi kubwa. Mfuko mmoja mdogo utundikwe karibu na kichwa: nepi tatu, tishu za maji, nguo moja ya kubadili yeye na moja yako (atatapika juu yako, si juu yake), maji, tochi ndogo yenye mwanga hafifu. Gizani utatafuta kwa mkono, kwa hiyo kila kitu kiwe na mahali pake. Kama ameshaanza poti, nenda nayo na uivishe mfuko wa plastiki. Kwenye mabehewa ya zamani choo kinamwagikia relini na hakitumiki treni ikisimama, na mtoto hajui kusubiri.

Nyota ya Alfajiri

Nimesoma yote. Nilikuwa nimeamua A, Mama wa Wanne akanivuruga, Konda akanivuruga zaidi. Naenda dirishani asubuhi, nitarudi kuwaambia.

Nyota ya Alfajiri (siku tisa baadaye)

Nimerudi wakuu. A ilikuwa imeisha. Aliyenitangulia kwenye foleni ndiye aliyechukua cha mwisho, na alikuwa peke yake na gitaa. Nikasimama pale kama dakika mbili, watu nyuma wananung'unika, ndipo nikauliza kitu ambacho sisi wote hatukukitaja: naweza kuchukua vitanda vyote viwili vya chini kwenye chumba cha vinne? Ikawezekana. Bei bado chini ya A. Vya juu walipata dada wawili wa makamo, wakashukuru kwamba hawatakanyagwa.

Sasa mambo yalivyokwenda. Saa tatu za kwanza hazikuwa safari, zilikuwa mashindano. Alipanda kitanda hiki akashuka, akapanda kile akashuka, alihesabu kuanzia moja hadi mbili na kurudi. Hapo nikaona faida ya vitanda viwili, kwamba alikuwa na pa kwenda. Saa 2 usiku nikamvisha nguo za kulala kama nyumbani, nikazima taa yetu, dada wa juu wakazima za kwao bila kuombwa. Alilala saa 3 na nusu.

Nilimlaza upande wa injini kama mzee alivyosema. Usiku breki ya kwanza kali ilinikuta macho. Nilimwona akijiviringisha taratibu mpaka ukutani, akaweka shavu pale, akaendelea na usingizi. Chupa yake ya maji iliyokuwa kitanda cha pili ilitua sakafuni.

Kisha saa 9 usiku tukasimama stesheni kubwa, mshtuko mmoja, taa zikafifia. Mhudumu alishaniambia jioni kwamba hapo tunageuzwa. Nikamwinua na blanketi lake, nikavuka hatua moja, nikamlaza kitanda cha pili. Dada wa juu akachungulia akaniuliza kuna nini. Nikamweleza habari ya breki kwa kunong'ona. Alinyamaza kidogo, halafu nikamsikia anahamisha mto wake.

Choo: nilikwenda mara moja bila mtoto, dada akiwa ameketi chini pembeni yake, na mara moja nikiwa nimembeba kwa mbeleko. Ya mbeleko ilikuwa rahisi zaidi kuliko nilivyodhani, ila kugeuka humo ndani ni kazi.

Kilichonishinda ni asubuhi. Kuanzia saa 12 mpaka saa 8 mchana hakuna mliyeniandaa. Vitu vyote vya kuchezea nilivimaliza usiku ule kwa woga. Ikabidi tuokoke na kifuniko cha chupa na hiyo korido ya Mzururaji, mara kumi na nne kwenda na kurudi. Birika halikuwepo.

Mzururaji

Nilisema.

Konda Mstaafu

Safi sana binti yangu. Na mwenye gitaa je?

Nyota ya Alfajiri

Alipiga mpaka saa 6 usiku, chumba cha jirani. Binti yangu hakusikia. Mimi nilisikia zote.