Walimu na makocha wa kikapu sekondari: dakika 90 za mazoezi mnazigawaje? Tupeane uzoefu

mwl_kemia
Wadau, nimekabidhiwa timu ya kikapu ya wavulana hapa shuleni, Morogoro. Sifa iliyonipa kazi ni urefu tu, somo langu ni kemia. Nina vijana 20, mipira 4 (mmoja unavuja upepo) na uwanja mmoja wa saruji ambao watu wa netiboli nao wanaudai. Tunaanza saa kumi, na saa kumi na moja na nusu lazima niwaachie, maana ni shule ya kutwa na wengine wanapanda daladala mbili. UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya haiko mbali. Msinitumie mabuku ya vyuo vya Marekani yenye mipira kumi na tano na viwanja vya ndani. Nataka kusikia kwa mwenye mipira minne kama mimi.

kocha_chumbageni
Mwalimu, anza na hesabu. Vijana 20 wakipanga foleni moja ya leyapu (kukimbilia ringi na kutupia kwa karibu), kila mmoja akatumia sekunde 6, zamu inamrudia mtu baada ya dakika 2. Zoezi la dakika 10 limempa mtoto mitupo mitano, muda wote uliobaki alikuwa anapiga soga. Foleni ndiyo inayokula mazoezi yetu, kuliko hata uhaba wa mipira.

Mimi Tanga hapa naandika karatasi kabla sijatoka ofisi ya walimu: zoezi, dakika, nani na nani. John Wooden, aliyekipa chuo cha UCLA cha Marekani ubingwa wa vyuo mara 10 kati ya 1964 na 1975, alianzia kufundisha sekondari, na hata alipokuwa bingwa alitembea na kikadi chenye dakika za kila zoezi. Watafiti wawili waliomfuatilia mazoezini msimu wake wa mwisho walikuta maneno yake mengi ni maelekezo mafupi ya namna ya kufanya. Hotuba hakuna, na sifa alizitoa kwa kubana.

Zangu 90 zinakwenda hivi. Dakika 10 za kupasha, mipira ikiwa mikononi tayari. Kisha 28 za vituo: makundi manne ya watano, dakika 7 kila kituo. Ringi ya kwanza mipira miwili, kurusha kwa karibu. Ringi ya pili mipira miwili, leyapu mkono wa kushoto. Kundi la tatu halina mpira: ni miguu ya ulinzi, kiuno chini, kwenda upande bila kukutanisha visigino. La nne ni kusimama kwa miguu miwili, kuzunguka kwa pivoti (mguu mmoja haubanduki) na kutoa pasi ya kifuani. Hapo azima mpira wa netiboli kwa majirani zako, hakuna atakayekufa.

Maji dakika 5. Kisha 25 za watatu kwa watatu, ringi zote mbili, anayefungwa anatoka. Hapa ndipo timu inapojengwa. Kwenye watano kwa watano, mchezaji dhaifu anaweza kukimbia juu na chini dakika nzima bila kugusa mpira na usimwone. Kwenye watatu hana pa kujificha. Halafu 15 za mchezo kamili wenye sharti moja tu, mfano hakuna kurusha kabla ya pasi tatu. Dakika 7 za mwisho ni mitupo huru.

mzee_wa_saruji
Mnazungumza mno. Sisi tulikimbia kwanza, mpira baadaye. Pumzi ikiisha robo ya nne hivyo vituo vyako vitakusaidia nini?

kocha_chumbageni
Shikamoo mzee. Pumzi naitaka na mimi. Ila robo moja ni dakika 10 za kukimbia hatua chache, kusimama, kugeuka, kuruka. Kuzunguka uwanja wa mpira wa miguu kunakupa pumzi ya mtu wa riadha. Watatu kwa watatu bila kupumzika, waulize vijana kama hawahemi.

madam_wa_kidato
Naandika kutoka Uasin Gishu, nina timu ya wasichana, shule ya bweni. Kwetu Kenya kikapu ni muhula wa kwanza. Shule zinafunguliwa Januari na kabla hujajua majina ya wageni wa timu, mechi za kaunti ndogo zimefika. Kwa hivyo sina wiki za kupoteza kwa kukimbia mtupu. Kila mbio za timu yangu zina mpira ndani yake.

Jambo ambalo halitajwi: mpira wenyewe. Wasichana wanacheza na namba 6, wavulana namba 7. Shule nyingi zina namba 7 pekee, na msichana anayejifunza kurusha kwa mpira mkubwa na mzito anasukuma kutoka kifuani kwa mikono miwili. Tabia hiyo ikishazoeleka haitoki. Nilimsumbua bursa, mhasibu wa shule, mpaka zikapatikana za namba 6, na sijaona pesa ya michezo iliyotumika vizuri zaidi ya hiyo.

Na wa bweni wana saa nyingi, ndio, lakini wana usingizi. Mazoezi ya alfajiri kabla ya prepu nimeyafuta. Wanakuja wamefumba macho.

maalim_kisauni
Ndugu zangu wa pwani, kuna suala la Ramadhani. Miaka hii imeangukia muhula uleule wa kwanza, yaani msimu wenyewe. Nusu ya timu yangu imefunga na jua la Mombasa mnalijua. Nilichofanya ni kusogeza mazoezi yaishie karibu na magharibi, yawe mafupi: mitupo ya kusimama, kutembea tu kwenye mipango ya kuingiza mpira kutoka nje ya mstari, nani anasimama wapi tunapokabwa uwanja mzima. Hakuna mbio. Akina Kevin na Brian wanaokula mchana nawapa kazi yao pembeni wapate jasho. Mazoezi hayo ya kutembea yalitusaidia kuliko nilivyotarajia, kwa sababu kila mtu alikuwa na nafasi ya kuuliza.

mwl_kemia
Asanteni sana. Nina kijana mmoja mrefu mno, kidato cha pili, mikono kama makasia. Kila anayepita uwanjani ananiambia "huyo ni Thabeet wako". Nimpangie nini?

sita_tatu
Mimi nilikuwa huyo kijana, shule moja ya Dar. Kila kocha alinisimamisha chini ya ringi, nikaambiwa "wewe daka tu". Nilimaliza shule sijui kudunda mpira mita tano. Hasheem Thabeet, Mtanzania mwenzetu, alichaguliwa wa pili kuingia NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, mwaka 2009 akiwa na futi 7 na inchi 3. Wako hana hizo inchi, na hata angekuwa nazo, mpitishe vituo vyote na wenzake. Aanze na miguu, ikiwezekana kuruka kamba. Warefu tunakua haraka kuliko tunavyojua kuitawala miili yetu.

Mitupo huru usiiweke mwanzoni wakiwa wabichi. Kuanzia faulo ya tano ya timu katika robo, mpinzani anakwenda mstarini, na anayekwenda huwa amechoka. Waipige wakiwa wanahema, mmoja mmoja, wengine wanatazama. Kocha mmoja alitufanyia hivyo na ndiyo kitu pekee cha mazoezi yale ninachokishukuru hadi leo.

baba_minnesota
Binti yangu anacheza sekondari huku Minnesota, Marekani. Kinachonishangaza si jumba, ni kwamba ratiba ya siku imebandikwa ukutani na saa ya ubaoni inahesabu. Saa ikilia, zoezi limekufa, hata kama limenoga. Simu ya mwalimu ina saa hiyohiyo.

mwl_kemia
Nimeandika karatasi ya kesho. Swali la mwisho: ringi moja imepinda mbele, vijana walikuwa wananing'inia. Niiache?

kocha_chumbageni
Usiiache, watoto watajifunza kurusha kwenye ringi ya uongo. Mpe fundi wa kuchomelea, aondoe nzima akainyooshe karakana, asiigonge ikiwa juu. Mkiirudisha pima mita 3.05 kutoka chini hadi ukingo wa juu wa chuma. Pima na ile nyingine pia. Viwanja vyetu vimemwagiwa saruji mara nyingi, na chini ndiko kunakopanda.