Kisu cha babu kinaliwa na kutu, naomba ushauri

Asalaam aleikum ndugu zangu. Nakusanya visu vya kukunja vya kizamani, na sivifungii kabatini. Kila siku kimoja kimo mfukoni. Nikipendacho zaidi ni cha marehemu babu: mpini wa pembe, bapa la chuma cha kaboni, na herufi mbili alizochonga mwenyewe. Hapa Kongowea, Mombasa, nakatia kamba za magunia, namenyea maembe na ndimu.

Hewa ya bahari ndiyo inayonitesa. Nikimenya embe jioni nikakisahau bila kukifuta, asubuhi nakuta madoa ya rangi ya chungwa, na karibu na ribiti (pini inayoshika bapa kwenye mpini) chuma kimeanza kuchimbika. Kisu changu kingine cha kukunja, Opinel ya Kifaransa ya chuma kisichoshika kutu, hakina tabu hiyo, lakini moyo uko kwa cha babu.

Nimepaka mafuta ya nazi. Yakachacha, yakanata, kisu kikawa kigumu kufunguka. Msasa nauogopa, usije ukazila zile herufi.

Naomba kujua: nipake mafuta gani yasiyodhuru chakula? Na kutu iliyoingia kwenye maungio naitoaje bila kung'oa ribiti?

Shukrani wazee wangu.