Naomba ushauri: Wazee wa mtaani kwangu hawataki kupiga kura mapema kwa sababu ya wanayoyasikia kwenye vyombo vyetu wenyewe

Mjumbe wa Lancaster

Wakuu, habari za majukumu.

Mimi ni Mtanzania wa kuzaliwa, sasa ni raia wa Marekani, naishi kaunti ya Lancaster, jimbo la Pennsylvania. Ni mhafidhina na sifichi: uhai wa mtoto aliye tumboni, familia, kodi nafuu, mipaka inayolindwa. Nimechaguliwa kuwa mjumbe wa chama cha Republican katika eneo letu la kupigia kura. Kwa mliozoea siasa za nyumbani, ni kama balozi wa nyumba kumi. Nagonga milango, najua nani mgonjwa, nani kahama, nani anahitaji usafiri siku ya kura.

Shida yangu ni hii. Pennsylvania inamruhusu mpiga kura yeyote kuomba kura ya posta bila kutoa sababu. Sheria hiyo ilipita Oktoba 2019 katika bunge la jimbo lililokuwa mikononi mwa Republican, na karibu wabunge wetu wote waliiunga mkono, kisha Gavana Tom Wolf wa Democrat akaisaini. Haukupita mwaka, wafuasi wetu wakaanza kuambiwa na watangazaji wanaowaamini kuliko ndugu zao kwamba bahasha hizo ni mlango wa wizi. Democrat wakapiga kwa posta kwa wingi mwaka 2020, sisi tukangoja siku ya mwisho. Biden akalichukua jimbo kwa takriban kura 80,000.

Mwaka 2024 chama kilibadilika, kikawahimiza watu wapige mapema, na Trump mwenyewe alisema hivyo kwenye kampeni. Tulishinda jimbo kwa takriban kura 120,000. Lakini tazameni kiti cha Seneti: Dave McCormick alimshinda Bob Casey kwa takriban kura 15,000 tu, katika jimbo ambalo karibu watu milioni 7 walipiga kura. Tofauti ya namna hiyo inatoka kwa wazee walioamka na homa asubuhi ya Jumanne ya uchaguzi na madereva wa malori waliokwama Ohio.

Halafu Agosti 2025 Rais akatangaza kwamba ataongoza harakati za kuziondoa kura za posta. Wazee wangu wananiambia, "Umeona? Tulikuambia." Runinga haizimwi kutwa, na jioni inafuata redio. Nikieleza faida ya kupiga mapema naonekana nimetumwa na CNN.

Naombeni ushauri kwa mambo mawili. Kwanza, niseme nao vipi bila kuvunja imani yao kwangu? Pili, 2028 Trump hawezi kugombea tena kikatiba, kwa hiyo kura za mchujo zitakuwa wazi kabisa. Naona watangazaji ndio watakaotuchagulia mgombea. Mtu wa ngazi ya chini kama mimi afanye nini ili watu wapime wenyewe?

Natanguliza shukrani.

Mama Neema, Minnesota

Kaka, usiiguse runinga yao. Ukianza kwa kusema chombo chao kinawadanganya, umewaambia kwamba wao ni wajinga, na mtu mzima hawezi kukusamehe hilo mbele ya wajukuu.

Baba mkwe wangu alikuwa hivyo hivyo. Kilichomgeuza ni kazi. Alijiandikisha kuwa msimamizi wa kituo cha kura. Hapa Minnesota sheria inataka wasimamizi watoke vyama vyote viwili, na kuna kazi ambazo lazima wawili wa vyama tofauti wazifanye pamoja. Alikaa meza moja na mama wa Democrat kutwa nzima, wakahesabu karatasi, wakasaini fomu. Bado anatazama kipindi chake kilekile, lakini akisikia "wizi" sasa anauliza wapi, kituo gani, nani alisaini.

Huko kwenu wanatafuta watu wa vituoni kila uchaguzi. Wapeleke wazee wako wawili watatu, hao wawili watatu watawaeleza wengine.

Jirani wa Bucks

Mjumbe, mbona hujataja kaunta? Pennsylvania unaweza kwenda mwenyewe ofisi ya uchaguzi ya kaunti, ukaomba kura ya posta dirishani, ukapewa, ukajaza palepale na kumkabidhi ofisa mkononi. Kwa sheria inahesabika kama kura ya posta, lakini haipiti posta hata hatua moja. Mzee anayeogopa sanduku la barua hana cha kuogopa pale.

Oktoba 2024 hapa Bucks foleni ilikuwa ndefu hadi watu wakafukuzwa kabla ya muda, kampeni ya Trump ikaenda mahakamani, na hakimu akaongeza siku kwa kaunti yetu. Yaani ni upande wetu uliopigania watu wapate kura za posta dirishani! Waambie wazee kisa hicho. Hakuna mtangazaji wetu anayeweza kusema kampeni ya Trump ilikuwa inatetea wizi.

Na uwafundishe bahasha. Ziko mbili: ya ndani ya siri, na ya nje yenye tamko la kusaini na kuweka tarehe. Kura nyingi zimekataliwa jimboni hapa kwa kusahau bahasha ya ndani au saini. Mtangazaji hatakufundishia hilo, ni kazi yako.

Kimya wa Ilala

Nimesoma nikiwa Dar na naona mnaelekea kuwalaumu wasiostahili. Kwa nini wazee wanang'ang'ania Fox, runinga ya kihafidhina, na redio? Kwa sababu kwingine kote walidharauliwa.

Nenda mdahalo wa Oktoba 2012. Mwendeshaji Candy Crowley wa CNN alimsahihisha Romney, mgombea urais wetu, katikati ya mdahalo kuhusu Libya, ukumbi ukampigia makofi Obama. Oktoba 2020 gazeti la New York Post lilitoa habari ya kompyuta ya Hunter, mtoto wa Joe Biden, Twitter ikazuia watu wasiisambaze, wiki chache kabla ya kura. Septemba 2024 kwenye mdahalo wa ABC Trump alisahihishwa papo hapo zaidi ya mara moja, Harris hakuguswa. Na uzee wa Biden, ambao vyombo vyenu vikubwa viliupuuza mpaka dunia nzima ilipojionea kwenye mdahalo wake na Trump usiku wa Juni 27, 2024. Shirika la kura za maoni la Gallup mwaka huo walikuta Republican 12 tu katika kila 100 wanaoviamini vyombo vya habari. Hao watu 88 hawakurogwa na Fox.

Kabla ya 1987 ilikuwepo kanuni ya serikali iliyovitaka vituo vya utangazaji vitoe nafasi kwa pande zote za mambo yenye ubishi. Ilipofutwa, mwaka uliofuata Rush Limbaugh, mtangazaji wa redio wa kihafidhina, akaanza kusikika nchi nzima, na 1996 ikaja Fox. Hapo mhafidhina wa kawaida akasikia kwa mara ya kwanza mtu anayesema lugha yake. Msiwanyang'anye hilo.

Mjumbe wa Lancaster

Mkuu Kimya, kila ulichoandika nakikubali. Nimewahi kumrushia mto huyo mwendeshaji wa 2012 kupitia skrini. Nasemea jambo jingine: nani anatudhuru zaidi sisi, adui anayetusingizia au rafiki anayetuambia tunachopenda kusikia?

Usiku wa Novemba 3, 2020 dawati la takwimu la Fox lilitangaza kwamba Biden ameshinda Arizona. Walikuwa sahihi, ingawa tofauti ya mwisho ilikuwa ndogo, kura 10,457. Watazamaji wakakasirika, wengi wakahamia runinga ya Newsmax. Miezi miwili baadaye Chris Stirewalt, mhariri aliyeutetea uamuzi ule hewani, akawa hana kazi. Kisha nyaraka za kesi ya Dominion, kampuni ya mashine za kura iliyoishtaki Fox, zikaonyesha watangazaji na wakuu wa kituo wakiambiana faraghani kwamba madai ya mashine kuiba kura ni upuuzi, huku hewani wageni wakiyamwaga. Walihofia kupoteza watazamaji. Aprili 2023 Fox ikakubali kulipa dola milioni 787.5. Pesa hizo zingeajiri wagonga milango kwa vizazi.

Nani aliumia? Tazama Georgia, Januari 5, 2021. Uchaguzi wa marudio wa viti viwili vya Seneti, tukishinda kimoja tu tunaishika Seneti. Mwezi mmoja kabla, wanasheria wawili maarufu wa upande wetu walisimama kwenye mkutano wa hadhara Alpharetta na mmoja wao akawahimiza Republican wasipige kura mpaka kura zao ziwe salama. Kwenye ngome zetu za vijijini Georgia watu wengi hawakurudi vituoni. Warnock na Ossoff wa Democrat wakashinda wote wawili, Seneti ikawa 50 kwa 50, kura ya kuamua ikawa ya Makamu wa Rais Kamala Harris. Sheria kubwa za matumizi za Biden zilizopita bila kura yetu hata moja, na majaji wake wengi wa miaka ile miwili, walipita kwenye mlango tulioufungua sisi. Mimi ninayeamini katika uhai wa mtoto aliye tumboni siwezi kuuangalia usiku ule nikasema tatizo letu ni CNN peke yake.

Mkenya wa Dallas

Ongeza hili kwa wazee, kwa sababu linaondoa shaka kubwa. Marekani haina tume moja ya uchaguzi ya taifa kama IEBC ya Kenya. Kila kaunti inahesabu zake, jimbo linathibitisha, na yule "anayetangaza mshindi" usiku ni shirika la habari AP na runinga, kwa makadirio yao. Sisi Wakenya tuliona Agosti 2022: IEBC iliweka fomu 34A, za matokeo ya kila kituo, kwenye tovuti, kila kituo cha runinga kikajumlisha kivyake, na saa ileile skrini moja inaonyesha Ruto mbele, nyingine Raila. Hakuna aliyekuwa anaiba pale. Walikuwa wanaanza na fomu tofauti.

Pennsylvania ndiyo hivyo hivyo. Sheria yenu hairuhusu kaunti kuanza kufungua bahasha za posta kabla ya saa moja asubuhi ya siku ya uchaguzi. Kwa hiyo 2020 kura za vituoni, ambazo ni zetu, zilitoka mapema, na za posta, za Democrat, zikafuata kwa siku kadhaa. Mtu aliyelala Trump akiwa mbele sana akaamka akaona pengo linapungua akadhani amelogwa. Kama Republican nao wangepiga kwa posta, pengo lile la usiku lisingekuwepo. Hoja yako ya kimkakati iko hapo: kupiga mapema kunafunga mdomo wa uvumi.

Mtu wa Kumbukumbu

Nijibu la pili, la 2028.

William F. Buckley, aliyeanzisha jarida la National Review mwaka 1955, aliwaachia wahafidhina kanuni: mpe kura mgombea wa kulia zaidi *anayeweza kushinda*. Goldwater, mgombea urais wetu wa 1964, alikuwa mhafidhina halisi, akapata majimbo sita. Reagan 1980 alisema mengi yaleyale kwa sauti inayomvuta mfanyakazi wa kiwandani aliyekuwa Democrat, akapata kura 489 kati ya 538 za wajumbe wa majimbo wanaomchagua rais. Imani ni moja, mbebaji tofauti.

Shida ya leo ni kwamba anayeng'ara kwenye kipindi cha jioni hupimwa kwa hasira anazoamsha kwa watu ambao tayari ni wetu. Kwenu Pennsylvania mliona 2022: Mehmet Oz alijulikana nchi nzima kwa sababu ya runinga, akashindwa na Fetterman wa Democrat kiti cha Seneti tulichokuwa nacho.

Kimya wa Ilala

Kanuni hiyo ya "anayeweza kushinda" ndiyo iliyotupa McCain 2008 na Romney 2012, na wote wakapigwa. Baada ya Romney chama kiliandika ripoti, Machi 2013, ikashauri tulegeze uhamiaji. Trump alifanya kinyume akashinda 2016. National Review yenyewe ilitoa toleo zima la kumpinga. Wataalamu wa nani anaweza kushinda ni akina nani basi?

Mtu wa Kumbukumbu

Hoja nzito, na sina ugomvi nayo. Ila ona alivyoshinda: Wisconsin, Michigan na Pennsylvania, jumla ya takriban kura 78,000, kwa kusema biashara na viwanda, mambo ambayo wahafidhina wengi wa wakati ule waliyaona ya kushoto. Na 2024 aliwaendea vijana kwenye podikasti kama ya Joe Rogan, mahali pasipo pa Republican. Hata yeye alishinda alipotoka nje ya duara. Kwa hiyo swali la Mjumbe kwa wazee wake liwe: huyu unayempenda, nitajie jirani yako asiye wetu atakayempa kura. Akikosa hata mmoja, aendelee kutafuta.

Mulenge, Lancaster

Ndugu, tuko mji mmoja. Wakongomani wa kanisa letu hawatazami Fox sana, wanapata sauti za WhatsApp za Kiswahili na Kinyamulenge, na zinatisha kuliko runinga. Usipeleke kampeni madhabahuni. Kaa nao baada ya ibada, kwenye chakula, na karatasi ya mfano mkononi.

Jambo moja naomba kwa uzito: hakikisha unayemwandikisha ni *raia*. Wengi wetu bado tuna kadi ya kijani na hatuelewi tofauti. Asiye raia akipiga kura ni kosa la jinai na anaweza kurudishwa alikotoka. Uliza mara mbili.

Mjumbe wa Lancaster

Mama Neema, Jirani, wote, mmenisaidia kweli. Nitaanza na kaunta: nitakodi basi dogo la kanisa, wazee waende wenyewe, wamkabidhi ofisa mkononi. Na wawili nimeshawafikiria kwa kazi ya kituoni. Mulenge, nitakutafuta Jumapili. Jirani, nikumbushe tarehe za mwisho.

Jirani wa Bucks

Kujiandikisha au kubadili chama: siku 15 kabla ya uchaguzi. Kumbuka mchujo wetu umefungwa, asiyeandikishwa Republican hamchagui mgombea wetu, na wageni wengi huandikishwa bila chama bila kujua. Kuomba kura ya posta: Jumanne ya wiki moja kabla, saa 11 jioni, lakini peleka basi lako wiki mbili kabla, foleni ya siku ya mwisho haifai kwa wazee. Kuirudisha: lazima iwe imefika ofisini saa 2 usiku siku ya uchaguzi, muhuri wa posta hauhesabiki. Na kila mzee abebe kitambulisho.