Remmy, Marijani au Mbaraka: dogo aanze na nani kujifunza kusimulia kwa wimbo?

Sinza_Kwetu

Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu anaandika nyimbo za Bongo Fleva. Sauti anayo, vina anavyo, ila nyimbo zake hazina watu. Ni mpenzi nakupenda, mpenzi usiniache, toka mwanzo hadi mwisho, na huyo mpenzi hujui anaishi wapi, anafanya kazi gani wala kwa nini anataka kuondoka. Nimemwambia apumzike studio kidogo, akae asikilize wazee walivyosimulia. Akaniuliza, wazee gani? Ndiyo nimekuja kwenu.

Nimebaki na watatu wa muziki wa dansi: Remmy Ongala, Marijani Rajabu na Mbaraka Mwinshehe. Nataka aanze na mmoja, amsikilize mpaka amwelewe, ndipo aende kwa mwingine.

Niseme mapema kwamba mimi ni wa Remmy. Tumekulia Sinza, kituo tunachoshukia kinaitwa Kwa Remmy, kwa hiyo jina lake nililijua kabla ya sauti yake. Lakini mapenzi yenyewe yametoka kwa baba. Baba alisukuma mkokoteni Kariakoo miaka yake yote ya kazi. Mtu mkimya sana. Akirudi jioni anaoga, anakaa kwenye benchi nje, anawasha redio kaseti. Mama alipofariki hatukumwona akilia. Tulichoona ni kwamba kila jioni anasikiliza Kifo, wimbo wa Remmy. Ukiisha anachomoa kanda, anairudisha nyuma kwa kalamu ya Bic ili betri zisiishe, anaupiga tena. Wakati ule sikuelewa. Nimeelewa ukubwani kwamba Remmy kwenye ule wimbo hasimulii habari za marehemu fulani. Anakigeukia kifo chenyewe, anakisemesha kama mtu aliyesimama mlangoni, anakilalamikia. Baba hakuwa na maneno ya namna hiyo. Akaazima ya Remmy.

Kwa hiyo kwangu mimi msimulizi mkubwa ni yule anayekupa maneno uliyoyakosa. Ila najua hilo ni langu na la nyumbani kwetu. Kwa kijana anayeanza, nyie mnaonaje?

BintiKariakoo

Pole sana dada kwa mama.

Kwa kijana anayeanza ni Marijani, wala sisiti. Tazama majina ya nyimbo zake: Georgina, Zuwena, Mwanameka, Masudi, Rosa Nenda Shule. Gitaa halijakolea, umeshajua wimbo unamhusu nani. Ugonjwa wa mdogo wako ni mpenzi asiye na jina, sasa mpe mtunzi anayeanza na jina. Ukishamwita mtu kwa jina lake, maneno ya jumla yanakukataa yenyewe. Ukisema Rosa nenda shule, tayari una binti, una shule, una mtu anayemwambia, na kuna sababu iliyofanya aambiwe. Maneno matatu tu na hadithi imeshasimama.

Halafu umri. Marijani alizaliwa 1955, mtoto wa hapa hapa Kariakoo. Mwanzoni mwa miaka ya 70, akiwa na Safari Trippers, alikuwa rika moja na mdogo wako. Hakusubiri azeeke ndipo aone watu wa mtaani kwake wanaishije.

Dada yetu mkubwa anaitwa Zuwena. Kwetu hakuna bibi wala shangazi mwenye jina hilo. Mama alikuwa na mimba yake wakati Marijani na bendi yake ya Dar International wanatamba, akasema akiwa msichana ni Zuwena, na baba asipinge. Sasa dada ni mtu mzima ana wajukuu. Wimbo ukipigwa harusini watu wote wanamgeukia, naye anainuka kwa raha zote kwenda kucheza. Mtunzi ambaye watu wanawapa watoto wao majina ya nyimbo zake, huyo ameingia ndani ya nyumba.

Mtoto_wa_Mzenga

Naona Mbaraka kawekwa wa tatu kwenye kichwa cha mada na hajasemewa neno mpaka sasa. Mimi natoka Kisarawe alikozaliwa mwaka 1944, siwezi kupita kimya.

BintiKariakoo, hoja ya jina ni nzuri ila ina upande wake wa pili. Chukua wimbo wake wa Shida. Hamna Rosa wala Georgina. Ni shida tu na mtu aliyeelemewa, na kwa sababu hiyo hiyo wimbo ulivuka mpaka ukapendwa Kenya kana kwamba ulitungwa huko. Kila mwenye shida anatia ya kwake. Mimi nimeusikiliza nikiwa sina kazi, nikausikiliza nikiwa namuuguza mtoto. Wimbo ni uleule, ila kila mara ulikuwa unazungumzia jambo langu la siku ile.

Na kama ni habari yenye jina la mtu, Mbaraka pia anayo. Dkt. Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, aliuawa siku ya Krismasi mwaka 1971. Mbaraka akiwa na Morogoro Jazz akamwombolezea kwa wimbo. Mimi sikuwa nimezaliwa. Kleruu nilimjua kwa gitaa kabla sijamsoma popote.

Kingine ambacho hao wawili hawakupi: Mbaraka ndiye mtunzi, ndiye mwimbaji, ndiye mpiga solo. Akinyamaza hadithi haikatiki, gitaa linaichukua pale ilipofika. Alikufa kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, hajafika hata miaka 35. Kila nikisikiliza Super Volcano, bendi yake ya mwisho, nawaza yale ambayo hakupata kuyasema.

Eastlands_Oldies

Ya Shida nathibitisha kutoka Nairobi. Huku ukiiweka kwa sherehe, wazee wanaacha nyama.

Lakini mbona hamjagusa Les Wanyika? Wimbo wao wa Sina Makosa ni darasa peke yake. Mtu anachukiwa, anajitetea, na tunaambiwa kila mmoja ana wake. Kilichotokea hasa hatuelezwi. Nimeusikiliza tangu utotoni na mpaka leo mimi na mke wangu hatujakubaliana ni nani kati yao mwenye kosa. Kijana afundishwe na kuacha nafasi, asimalize yote mwenyewe.

Konda_wa_Mwenge

Shikamooni wakubwa. Mnamrudisha dogo mbali mno bure. Anarap au anaimba? Kama ni Bongo Fleva basi msimulizi yupo, Professor Jay, albamu ya Machozi, Jasho na Damu ya 2001. Sikiliza Ndiyo Mzee. Mgombea yuko jukwaani anaahidi yasiyowezekana, na umati unaitikia ndiyo mzee. Jay hasemi popote kwamba huyu ni mwongo. Anamwachia mgombea maiki aropoke, wewe unamhukumu ukiwa na akili zako. Na baadaye yeye mwenyewe akaenda kugombea, akawa mbunge wa Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020.

Mimi nilikuwa konda wakati wimbo ule umepamba moto. Dereva akiuweka, gari zima linaitikia. Abiria wasiojuana, mama mwenye ndoo ya samaki, mtu wa ofisini na tai yake, wote wanaitikia sehemu moja kwa sauti moja. Sijaona wimbo mwingine ukifanya vile ndani ya daladala.

Sinza_Kwetu

Konda, marahaba, na asante. Hilo la kuvaa sauti ya mtu usiyekubaliana naye sikuwa nimelifikiria, na dogo atalipenda. Mzenga, Mbaraka sikumweka wa tatu kwa kumdharau, nimewapanga jinsi walivyonijia.

Bado hakuna aliyemsemea Remmy ila mimi.

Kindu_hadi_Kigoma

Amani kwenu wote. Mimi nitamsemea, maana ni wa kwetu Maniema, Kongo. Remmy alizaliwa Kindu mwaka 1947, jina lake Ramazani Mtoro. Watoto waliomtangulia walikufa wakiwa wachanga, mama yake akaagizwa huyu asinyolewe nywele. Zile nywele mlizoziona Dar zina historia hiyo, na alikuja kuzikata miaka mingi baadaye, alipookoka na kuanza kuimba nyimbo za injili. Dar alifika 1978, akaingia Orchestra Makassy, kisha Matimila ambayo kwake ikawa Super Matimila.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Remmy alikuwa mgeni, na mgeni anaona vitu ambavyo mwenyeji amevizoea: nani anakaa kiti cha mbele, nani anasubiri nje, nani haitwi kwa jina lake. Ndiyo maana mnyonge yumo katika nyimbo zake nyingi. Albamu yake iliyotoka Uingereza mwaka 1989 inaitwa Songs for the Poor Man, na ndani yake mna Sauti ya Mnyonge.

Mimi niliposhuka Kigoma nikiwa kijana, watu walikuwa wanacheka nikifungua kinywa, kwa ajili ya Kiswahili chetu. Nikawa naongea kidogo kidogo. Siku moja nikasikia dukani sauti yenye lafudhi ya kwetu, na wenye duka wanaifuata neno kwa neno, hakuna anayecheka. Nilisimama pale mpaka wimbo ukaisha. Kutoka siku hiyo nikaanza kuongea. Dada wa Sinza, umesema anakupa maneno uliyoyakosa. Mimi maneno nilikuwa nayo. Alinipa ruhusa.

Mpiga_Besi_Mstaafu

Mada nzuri. Nimepiga besi kwenye bendi za mikoani, nyingi sasa hazipo, kwa hiyo nitazungumza kifundi kidogo.

Wimbo wa dansi wa wakati ule ulikuwa na sehemu mbili. Kwanza taratibu, mwimbaji anatoa kisa chake. Halafu chemko, magitaa yanaachiwa, watu wanacheza. Kwenye santuri ndogo za 45 sehemu ya kwanza ilikaa upande mmoja, ya pili ukageuze. Maana yake mtunzi alijua kisa kiwe kimeeleweka kabla msikilizaji hajainuka kugeuza sahani. Hapakuwa na nafasi ya kurudia mpenzi nakupenda mara kumi. Na studio ilikuwa Radio Tanzania, bendi nzima mnapiga kwa pamoja. Mwimbaji akiteleza ubeti wa mwisho, wote mnarudi mwanzo. Hakuna aliyeingia mle akiwa hajui hadithi yake inaishia wapi. Dogo wa siku hizi anarekodi mstari mmoja mmoja kwenye kompyuta, anaweza kuanza hajui anaelekea wapi, na ndiyo inavyosikika.

Kwa hiyo zoezi langu kwake: achukue nyimbo za Marijani, asikilize sehemu ya kwanza peke yake, aandike kwa penseli nani yupo, anataka nini, kimemkwamisha nini. Kisha aandike kisa chake kwa urefu uleule.

Remmy nampenda kama nyie, lakini kwa mwanafunzi ni hatari. Ule wimbo wake wa Mambo kwa Soksi, wa kuhimiza kondomu, Radio Tanzania haikuupiga, na bado ulienea nchi nzima kwa kanda na kumbi za dansi. Ni nani mwingine angesimama mbele ya watu wazima akataja yale kwa wakati ule, wakacheka, wakaenda kuyafikiria? Alikuwa na mwili wake, umri wake, ile sauti ya kukwaruza, na watu walimwamini kwa sababu walijua anaishi kama wao. Kijana akiiga namna ile ya kusema na watu moja kwa moja, bila kuwa na yale mengine, atatoka anahubiri. Nimewaona wengi walioingia njia hiyo, na hakuna aliyewasikiliza.

Hata Remmy mwenyewe, kwenye albamu ya Mambo ya 1992 alipoimba nyingi kwa Kiingereza, mimi nasikia mtu anayetoa ujumbe. Yule jirani anayekushika bega simsikii tena.

BintiKariakoo

Bwana Besi umenimaliza, sina la kuongeza ila moja linaloniuma. Marijani, pamoja na nyimbo zote hizo, miaka yake ya mwisho alikuwa anauza kanda mtaani hapa hapa. Alifariki 1995, ana miaka 40. Sheria ya hakimiliki iliyoleta COSOTA, chombo cha kulinda haki za watunzi, ilipitishwa 1999. Dada wa Sinza, mwambie dogo ajifunze kusimulia, na akishatunga asajili.

Sinza_Kwetu

Nimewasoma wote, na jana jioni nilimsomea dogo jibu la Mpiga Besi kutoka mwanzo hadi mwisho.

La Kiingereza kwenye Mambo sikatai. Baba kanda ile alikuwa nayo, na aliipeleka mbele mpaka kwenye za Kiswahili. La kwamba Remmy ni hatari kwa mwanafunzi ndilo lililonisumbua, nimeligeuza usiku kucha. Nimekubali nusu. Kweli hawezi kuanza na kuongea na watu wazima kama wenzake. Lakini Kindu_hadi_Kigoma amesema jambo ambalo zoezi la penseli haliwezi kumpa: Remmy aliona nani anasubiri nje. Hilo nataka dogo aanze nalo leo, hata kabla hajajua kupanga beti. Baba yake mwenyewe alisukuma mzigo wa watu miaka yote, na kijana hajawahi kutunga mstari mmoja kuhusu mkokoteni.

Basi tumepanga hivi. Anaanza na Marijani kwa zoezi la Mpiga Besi. Mbaraka anamsikiliza akiwa na rafiki yake anayepiga gitaa, waone wanavyopokezana. Jay anamjua tayari, atarudi kumsikiliza kwa sikio lingine. Na Remmy hatamsikiliza peke yake. Atakwenda kukaa na baba pale kwenye benchi, amuulize nyimbo zipi na kwa nini. Baba hajaambiwa bado.

Wimbo wa kwanza wa zoezi ameshauanza. Una mtu mwenye jina, ni mwanamke anayeuza mihogo karibu na kituo. Ukikamilika, na mwenyewe akikubali, nitauleta hapa mumkosoe.

Mpiga_Besi_Mstaafu

Alete. Na aseme huyo mama wa mihogo anadaiwa na nani, hapo ndipo ubeti wa pili utakapoanzia.